Saa ya seva isiyo na shahidi

Najua nimekuwa kimya, ni mambo ya tesiti, mnisamehe. Leo nina la moyoni.

Mwenzangu wa chumbani alituma asaimenti saa 5:57 usiku. Mwisho ulikuwa saa 6:00 kamili. Mfumo ukamwambia amechelewa. Simu yake, simu yangu, zote zilionyesha bado dakika tatu. Mwalimu akajibu kwa ustaarabu tu kwamba mfumo ndio unaosema. Sifuri.

Siku mbili baadaye jamaa wa maabara akatufungulia ile seva. Saa yake ilikuwa mbele kwa dakika nne! Cha ajabu, ntpd, ile programu ya kulinganisha saa kwa mtandao, ilikuwa hai kabisa. Akaandika `ntpq -p`, safu ya reach ikasoma 0 kila mstari. Ingekuwa inajibiwa vizuri, ingesoma 377. Akaangalia vigeu vyake kwa `ntpq -c rv`, akakuta stratum=16, yaani haijalinganishwa na saa yoyote. Kumbe faiawoli ilifunga UDP poti 123 tangu seva inawekwa. Programu inaita, hakuna anayeitika.

Sasa piga hesabu. Saa ya kompyuta ikikosea sehemu 40 kwa milioni, inapotea karibu sekunde 3.5 kwa siku. Iache siku 70, dakika nne hizo hapo.

Tukaomba kumbukumbu za saa. Hakuna hata faili moja. Tukaambiwa kosa la leo si ushahidi wa juzi. Hapo ndipo niliishiwa nguvu, maana dawa yake ni mistari sita tu ndani ya ntp.conf:

driftfile /var/lib/ntp/ntp.drift
logfile /var/log/ntp.log
statsdir /var/log/ntpstats/
statistics loopstats peerstats
filegen loopstats file loopstats type day enable
filegen peerstats file peerstats type day enable

Folda ya statsdir lazima iwepo na mtumiaji anayeendesha ntpd awe na ruhusa ya kuandika humo, la sivyo utasubiri mafaili hadi ugraduate. Loopstats inaweka tofauti ya saa na mwendo wake, peerstats inaweka majibu ya kila seva. Muda humo ni sekunde tangu usiku wa manane wa UTC, kwa hiyo saa 5:57 usiku ya kwetu itaandikwa 75420.

Mtu ataniambia, kama ntpd haikujibiwa, loopstats si ingekuwa tupu? Ndiyo, na huo utupu ndio ushahidi wenyewe! Msimamizi angeuona wiki ya kwanza, kabla sifuri haijamwangukia mtu.

Msimamo wangu ni huu: seva inayohukumu watu kwa dakika lazima iweze kuonyesha kwamba dakika zake ni za kweli. Haiwezi? Basi isimnyime mtu maksi. Hatuombi huruma, tunaomba kumbukumbu, na mtu wa kuzisoma.

Rufaa imeshapelekwa, tunasubiri. Nyie mnasemaje? Kwenu saa ya mfumo inakwendaje? Ngoja niwahi chipsi kabla foleni haijafika getini.