Posta ya Vijijini: Tusaidie Kujaza Fomu, Tusimfanyie Mtu Mtihani

Safari hii safu ya kazi inatoka nje ya mji na kuingia barabara za changarawe za hapa Iowa, kwa sababu swali moja limenifikia kutoka kwa watu kadhaa wa klabu: “Nyumbani wameona tangazo la posta, wanatafuta wapeleka barua wa vijijini. Wananiambia niwajazie. Nifanyeje?”

Swali hili ni letu hasa. Sisi tuliozaliwa au kukulia huku ndio makarani wa familia zetu. Tangu shule ya msingi tunasoma barua za shule, za hospitali na za kodi, na mama akisema “hebu nisomee hii” hatuulizi ni ya nani. Kazi ya posta ni fomu moja zaidi katika rundo hilo, ila ina mitego yake, na mmoja wao unatuhusu sisi makarani wenyewe.

Kwanza tuijue kazi. Jina lake rasmi ni Rural Carrier Associate, kwa kifupi RCA. Huyu ni mpeleka barua wa akiba: mwenye ruti akipumzika, akiugua au akienda likizo, yeye ndiye anayeishika. Utaratibu wa kupeleka barua mpaka kwenye nyumba za vijijini ulianza hapa Marekani tarehe 1 Oktoba 1896, katika jimbo la West Virginia. Kabla ya hapo mkulima alifunga safari mwenyewe hadi posta, kama wazazi wetu wengi walivyozoea nyumbani, ambako anwani ya mtu ni S.L.P. na barua inamsubiri sandukuni mjini, au shuleni kwa mwalimu mkuu. Hapa mpeleka barua wa kijijini ni posta inayotembea: anauza stempu, anapokea vifurushi, na mzee anayeishi peke yake mwisho wa barabara pengine haoni mtu mwingine siku hiyo.

Kwa nini wazee wetu wanaitamani? Haidai shahada. Malipo yake ni kiasi cha dola 20 kwa saa. Na mtu akivumilia mpaka apate ruti yake mwenyewe, anaingia kwenye ajira ya kudumu yenye bima ya afya na pensheni ya serikali. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: ofisi nyingi za serikali kuu huajiri raia tu, lakini posta hupokea pia wenye ukaazi wa kudumu, yaani grinkadi. Kwa familia inayosubiri uraia, huo ni mlango adimu.

Sasa tuseme nani haingii, maana hapo ndipo watu wanapopoteza muda. Mwenye hadhi ya mkimbizi au aliyepewa hifadhi, ambaye bado hajapata grinkadi, hastahili, hata kama ana kibali halali cha kufanya kazi kiwandani au hospitalini. Grinkadi ya masharti, ile ya miaka miwili wanayopewa baadhi ya waliooana karibuni, nayo haitoshi. Halafu kuna suala la miaka 5. Posta huchunguza rekodi za uhalifu kwa kutumia kumbukumbu za Marekani peke yake, kwa hiyo hutaka mwombaji awe ameishi nchini kwa miaka 5 iliyopita, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Shangazi aliyefika mwaka juzi kutoka kambi ya Nyarugusu asivunjike moyo. Muda wake haujafika tu, na hakuna fomu itakayoufupisha.

Kwa wanaume kuna jambo la usajili wa jeshi. Mwanaume aliyekuwa hapa kati ya umri wa miaka 18 na 26, awe raia, mkimbizi au mwenye grinkadi, alipaswa kujisajili na Selective Service. Aliyefika akiwa ameshapita umri huo hakuhitajika, lakini aliyefika na miaka 20 akapitiwa anaweza kukwama hapa. Kaka zangu ambao bado hamjafika 26, lifanyeni leo. Ni bure na halichukui muda.

Mwombaji anatakiwa pia awe na leseni ya udereva, rekodi safi barabarani na uzoefu wa kuendesha wa miaka kama miwili, kisha apimwe dawa za kulevya. Majina nayo yaangaliwe kabla ya kitu kingine chochote. Tunajua jinsi jina la mtu wa Bukavu lenye sehemu tatu linavyogeuzwa kichwa chini kwenye karatasi za huku: jina la ukoo linakuwa la kwanza, na la katikati linapotea. Jina kwenye maombi lifanane na la kwenye grinkadi na leseni, herufi kwa herufi.

Maombi yenyewe hufanywa kwenye tovuti rasmi tu, usps.com/careers. Hakuna ada ya kuomba wala ya mtihani. Nalikazia hili kwa sababu vishoka wapo. Jamaa mmoja wa jamii yetu aliombwa pesa na mtu aliyemwambia ana “nafasi za ndani” na “majibu ya mtihani”. Anayekuuzia nafasi ya posta anakuuzia hewa.

Wazee waliozoea mambo ya nyumbani wataanza kutafuta bahasha: barua ya maombi kwa mkono, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri, “Yah: Maombi ya Kazi”. Waambieni kwamba hapa hakuna atakayesoma barua hiyo. Kila tangazo ni la ofisi moja ya posta, na linaweza kufungwa baada ya siku chache. Ukishaomba, unatumiwa barua pepe ya kukualika kwenye mtihani wa mtandaoni unaoitwa 474, na unapewa saa 72 kuumaliza. Wazee wengi wanakosa nafasi hapo hapo: barua pepe imeingia kwenye taka, au anwani ni ya binti aliyehamia Texas. Mfungulie mzee anwani yake mwenyewe, nenosiri aliandike mwenyewe, na mwonyeshe jinsi ya kuitazama asubuhi na jioni.

Mtihani huu hauna hesabu wala jiografia. Unampa mtu visa vya kazini achague angefanya nini, unamuuliza historia yake ya kazi, na unamtaka ajieleze yeye ni mtu wa namna gani. Anayefaulu ni anayepata 70 au zaidi. Unaonekana mwepesi, na kwa watu wetu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kiingereza ni shida moja. Kubwa zaidi ni malezi.

Baba yangu mdogo aliendesha daladala Mwanza kwa miaka kumi na moja. Tulikaa mezani kujizoeza, kwa maswali niliyoyatunga mwenyewe. Nikamuuliza: “Je, wewe ni mtu wa kuaminika kuliko wenzako wengi?” Akanitazama kama nimemkosea adabu. “Mwanangu, mtu anajisifu mwenyewe? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Akachagua jibu la katikati. Kila swali, katikati. Nikamwambia: “Baba mdogo, ulikuwa unaamka saa ngapi kushika gari?” Saa kumi alfajiri. “Uliwahi kulala na hesabu ya tajiri?” Hata siku moja. “Basi hapa hawakuombi ujisifu. Wanakuomba ushahidi, na shahidi ni wewe peke yako.” Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hiyo sasa nimeielewa.”

Mashine inayosahihisha haijui unyenyekevu. Anayejibu “wastani” kwa heshima na anayejibu “wastani” kwa uvivu ni mtu mmoja mbele yake. Kazi yetu ni kumweleza mzee kwamba kusema kweli juu ya uhodari wake si majivuno. Uongo pia hautakiwi: swali likiuliza kama amewahi kufanya jambo fulani na hajawahi, basi hajawahi.

Na hapa ndipo ulipo mtego wetu sisi makarani. Mtihani unafanyika nyumbani, hakuna msimamizi, na mzee anasema: “Wewe Kiingereza chako kimenyooka. Fanya wewe, mimi nikachemshe chai.” Tusifanye. Mwombaji anathibitisha kwamba majibu ni yake mwenyewe. Kwa mwenye uraia, uongo ukijulikana atapoteza kazi. Kwa mwenye grinkadi, kutoa taarifa ya uongo kwa chombo cha serikali kunaweza kumwandama mpaka kwenye maombi ya uraia. Tena, tuseme amefaulu kwa Kiingereza changu: siku ya kwanza barabarani, mteja akimpigia kelele kwa sababu ya kifurushi kilichopotea, mimi nitakuwa darasani.

Kwa hiyo mpaka wangu ni huu. Kabla ya mtihani, nitafanya kila kitu: nitatafsiri tangazo, nitakagua majina, nitamzoeza kwa maswali ya kutunga, nitamfundisha maneno ya posta. Kufungua kompyuta, sawa. Saa ya mtihani ikifika, nainuka mezani, na chai nachemsha mimi. Si rahisi kumkatalia mkubwa wako. Mimi hutumia maneno haya: “Shikamoo nakupa kila siku kwa sababu umeyafanya mengi mwenyewe. Na hili lifanye mwenyewe.” Wengi hucheka, kisha huketi.

Kabla hajaketi, ajue pia kazi yenyewe ilivyo, asije akaacha kazi ya kiwandani kwa ndoto. Mwanzoni RCA anaweza kupata siku moja tu ya uhakika kwa wiki, mara nyingi Jumamosi, na siku nyingine kuitwa ghafla. Malipo ya ruti hufuata muda uliopimwa. Ikiwa ruti imepimwa saa 8 na ukamaliza kwa 7, unalipwa 8. Mgeni akimaliza kwa 10, kwa kawaida ni 8 zilezile, isipokuwa saa zake zikizidi 40 kwa wiki. Na kupata ruti yako mwenyewe kunategemea ofisi: kwingine ni miezi, kwingine ni miaka.

Kuna suala la gari. Ruti nyingi za vijijini zinamtaka mtu atumie gari lake, kwa posho inayohesabiwa kwa maili. Masanduku ya barua yako kulia kwa barabara, kwa hiyo wapeleka barua wengi hutafuta gari la usukani wa kulia, na wengine huagiza magari yaliyotumika Japani, yale yaliyotimiza miaka 25 na kuruhusiwa kuingizwa nchini. Wenzao Wamarekani wanahitaji wiki kadhaa kuzoea usukani huo. Dereva wa Mwanza au Mombasa atajiona yuko nyumbani.

Mwisho ni Jumapili. Sehemu nyingi posta hupeleka vifurushi siku hiyo, na RCA ndiye anayeitwa. Kwa wazee wa kwaya hili si dogo. Mpeleka barua mmoja wa cheo hikihiki, Gerald Groff wa Pennsylvania, alikataa kufanya kazi Jumapili kwa ajili ya imani yake, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote 9 waliamua kwamba mwajiri anayekataa ombi la namna hiyo lazima aonyeshe kuwa litaipa biashara yake mzigo mkubwa wa kweli, si usumbufu mdogo tu. Kesi ilirudishwa mahakama za chini, lakini kipimo hicho sasa kinamlinda pia Muislamu anayeomba nafasi ya sala ya Ijumaa. Ombi la kuheshimiwa ibada lipelekwe mapema, kwa maandishi, na nakala ibaki nyumbani.

Basi mkirudi makwenu wikiendi hii, msianze na kompyuta. Anzeni na maswali manne, mbele ya chai: Grinkadi ya kudumu ipo? Miaka 5 imetimia? Gari na leseni viko sawa? Na Jumapili, mama, utaweza? Majibu yakiwa ndiyo, fungueni tovuti pamoja. Yakiwa hapana, mmemwokolea mzee miezi ya kusubiri barua pepe isiyokuja.

Toleo lijalo tutaangalia kazi za ukalimani hospitalini. Ambao wazazi wenu wamewahi kuwatumia kama wakalimani, nileteeni maswali yenu.