Kabla ya kuuza shamba: Viza ipi inamfaa kijana wa Mpuguso?

Rungwe. Katika familia nyingi, safari ya mtoto kwenda "majuu" huanza na kikao cha ndugu na kuishia na kitu kuuzwa. Kwa Mpuguso na vijiji vinavyoizunguka Tukuyu, kitu hicho kinaweza kuwa ng'ombe wa maziwa, kipande cha shamba la chai au mavuno ya parachichi ya msimu ujao.

Swali linalotawala kikao ni moja: anakwenda nchi gani? Ambalo mara nyingi haliulizwi, na ndilo linaloamua kama fedha hiyo itarudi, ni jingine: anakwenda kwa viza gani?

Sababu ya vijana kutaka kuondoka haihitaji maelezo marefu. Mpuguso ni eneo la walimu. Chuo chake cha ualimu kimekuwa kikitoa wahitimu kwa miaka mingi. Lakini mapema mwaka 2025, Serikali ilipotangaza nafasi 14,648 za ualimu, walioomba walikuwa zaidi ya 200,000. Ukigawa, ni watu zaidi ya 13 wanaogombea kiti kimoja.

Safari nayo si jambo geni Rungwe. Enzi za ukoloni, wanaume wa Kinyakyusa walikwenda kuchimba dhahabu Lupa kule Chunya, wengine migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na wengine Afrika Kusini kupitia Wenela. Wakati huo masharti yalikuwa kwenye mkataba wa kampuni. Leo masharti hayo yako ndani ya viza: unaruhusiwa kufanya kazi gani, saa ngapi, kwa bosi yupi, na kama mke au mume anaweza kukufuata.

Mlango wa Marekani umebana

Kijana anayeota Marekani anapaswa kuanza na habari hii. Desemba 2025, Rais Donald Trump alisaini tangazo lililoiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu, kuanzia Januari Mosi, 2026.

Zuio hilo linagusa viza za matembezi na biashara, za wanafunzi (F na M), za programu za kubadilishana (J), pamoja na za wahamiaji wa kudumu. Hiyo ya mwisho inabeba pia bahati nasibu ya "green card", ambayo vijana wengi wamekuwa wakijaza kila mwaka.

Kwa hiyo, anayemwambia mzazi wa Mpuguso kwamba ana "koneksheni" ya viza ya mwanafunzi Marekani, anatakiwa kwanza aeleze atalipitaje zuio hilo. Akianza kuzungukazunguka, jibu limeshapatikana.

Uingereza: Njia iliyozoeleka imefungwa

Kwa miaka michache, kazi ya kulea wazee Uingereza ilikuwa ndiyo gumzo. Machi 2024 walezi walizuiwa kwenda na familia. Julai 22, 2025 njia hiyo ilifungwa kabisa kwa waajiriwa wapya wanaotoka nje. Anayeiuza leo anauza kitu ambacho hakipo sokoni.

Hata ilipokuwa wazi, viza ilimfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini. Mwajiri akinyang'anywa leseni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 tu kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Serikali ya Uingereza yenyewe ilisema zaidi ya wafanyakazi 39,000 wa sekta hiyo waliguswa baada ya waajiri wao kupoteza leseni tangu Oktoba 2022. Wengi walikuwa wamefuata sheria zote. Kosa lilikuwa la bosi.

Viza ya mwanafunzi bado ipo, ila nayo imebadilika. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi hawaruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto, isipokuwa wa utafiti kama shahada ya uzamivu. Anayesoma shahada hufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, si zaidi. Ruhusa ya kubaki baada ya masomo, ambayo ni miaka miwili, itashuka hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari Mosi, 2027.

Hapa ndipo hesabu za familia nyingi zinapokwama. Saa 20 kwa wiki zinaweza kumlisha mwanafunzi. Haziwezi kulipa ada ya mwaka wa pili na kutuma fedha nyumbani kwa wakati mmoja.

Ujerumani: Milango mitatu, bei tofauti

Ujerumani inatafuta watu, na hilo si siri. Septemba 2024 ilisaini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi na Kenya. Lakini makubaliano ya jirani hayampi Mtanzania nafasi. Yeye anaomba kwa taratibu za kawaida.

Mlango wa kwanza ni wa chuo kikuu. Vyuo vingi vya umma havitozi ada kubwa, ila mwanafunzi lazima aonyeshe akiba ya euro 11,904 kwa mwaka, ambayo kwa kawaida hufungiwa kwenye akaunti maalumu na kutolewa kidogokidogo kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya Sh30 milioni. Anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280.

Mlango wa pili ni kadi ya kutafuta kazi, Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024. Inahitaji shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa kwenu, Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2, na alama sita kwenye mizani yao. Akiwa kule anaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki huku akitafuta kazi rasmi. Nayo inadai akiba ya zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi wa kukaa. Mwenye stashahada ya ualimu asidhani ataingia darasani moja kwa moja: ualimu Ujerumani ni taaluma inayodhibitiwa na vyeti vya nje hupimwa upya.

Mlango wa tatu ndio unaozungumzwa kidogo, na huenda ndio unaomfaa zaidi mtoto wa mkulima. Ni Ausbildung, mafunzo ya kazi yanayoambatana na malipo. Kijana anasaini mkataba na hospitali, hoteli au karakana, anasoma huku akifanya kazi, na kwenye uuguzi posho kwa kawaida huzidi euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Bei yake ni lugha. Kwa kawaida huhitajika B1, na kwenye uuguzi mara nyingi B2. Hiyo ni karibu mwaka mzima, au zaidi, wa kukaa chini na kusoma. Taasisi ya Goethe ipo Dar es Salaam, hivyo mtu wa Tukuyu anaongeza gharama ya kuishi mjini au kusoma kwa mtandao. Bado ni fedha ndogo kuliko akiba ya chuo kikuu, na Kijerumani hakipotei hata viza ikikataliwa.

Ghuba: Haraka, lakini soma mkataba

Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ndiko kunakofikika upesi zaidi. Tiketi mara nyingi hulipwa na mwajiri, na hakuna mtihani wa lugha. Tatizo ni mfumo wa kafala, ambapo ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu, lilieleza kuhusu pasipoti kushikiliwa, mishahara kutolipwa na saa za kazi zisizo na mwisho.

Zipo nchi zilizolegeza masharti; Qatar, kwa mfano, mwaka 2020 iliondoa ulazima wa kibali cha mwajiri kabla ya kubadili kazi. Lakini kinga ya kwanza ya Mtanzania iko nyumbani: kupita kwa wakala mwenye leseni, mkataba kuidhinishwa na mamlaka za kazi, na nakala yake kubaki kwa mzazi kabla ya ndege kuruka.

Dili la viza ya matembezi

Kuna ushauri unaozunguka sana: "Nenda kwa viza ya matembezi, ukifika utabadilisha." Huu ndio ushauri ghali kuliko yote. Uingereza hairuhusu mgeni wa matembezi kubadilisha kwenda viza ya kazi akiwa ndani ya nchi. Ujerumani, kwa viza fupi ya Schengen, kwa kawaida humrudisha mtu akaombe upya kwao. Anayebaki kinyemela hukosa mkataba na mahali pa kulalamika, na akikamatwa, rekodi hiyo humfuata kwenye kila ombi linalofuata.

Hata mradi wenye mhuri wa serikali hauondoi wajibu wa kuuliza. Mwaka 2023, nchini Kenya, wazazi wa Uasin Gishu waliolipa fedha kupitia mpango wa kaunti wa masomo Finland na Canada waliandamana baada ya watoto kukwama, wengine wakiwa tayari Finland na ada haijafika chuoni. Suala hilo lilifika mahakamani.

Hesabu ya kikao cha familia

Pasipoti ya Tanzania ni Sh150,000. Baada ya hapo huja uthibitisho wa vyeti, vipimo, ada ya viza isiyorudishwa ukikataliwa, na safari za Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, zaidi ya kilomita 800 kwenda tu.

Kabla ya hayo yote, kikao kinahitaji majibu manne kwa maandishi. Viza hiyo inaitwaje kwa jina lake rasmi? Inaruhusu kazi saa ngapi? Bosi au chuo kikifungwa, kijana ana siku ngapi? Ikiisha, anaruhusiwa kubaki au anarudi?

Majibu hayo yapo bure kwenye tovuti za balozi na za uhamiaji za nchi husika. Kwa upande wa vyuo, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inaweza kuulizwa kama wakala anatambulika na kama shahada ya kule itakubalika hapa. Kwa upande wa kazi, wa kuulizwa ni TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira.

Wakala asiyeweza kutaja jina la viza anayoiuza hapaswi kupewa hata nauli. Ng'ombe aliyebaki zizini anaweza kuuzwa mwaka ujao, kijana akishapata cheti cha B1 na mkataba wenye jina lake.