Durban ilivyouza majitaka viwandani, na faida kwa mkulima

KIWANDA cha karatasi hakinywi maji. Kinayatumia kuosha, kupoza mitambo na kusafirisha nyuzi za mbao. Hata hivyo, katika miji mingi ya Afrika kiwanda hicho hupewa maji ya bomba lile lile linalojaza ndoo ya nyumbani na sufuria ya mama ntilie. Mvua zikichelewa, wote hugombea chanzo kimoja.

Jiji la Durban, Afrika Kusini, liliamua kutenganisha matumizi hayo. Mwaka 2001, mtambo uliojengwa eneo la Merebank ulianza kusafisha majitaka na kuyauza kwa majirani wawili wakubwa: kiwanda cha karatasi cha Mondi na kiwanda cha kusafisha mafuta cha SAPREF. Mtambo huo ulijengwa ukiwa na uwezo wa kutoa lita milioni 47.5 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo milioni 2.3 za lita 20.

Kazi yenyewe hufanyika kwa hatua. Bakteria hula uchafu, tope hutuama, maji hupita kwenye machujio ya mchanga, kisha hutiwa ozoni, hupitishwa kwenye mkaa maalumu na mwisho hutiwa klorini. Rangi na madini ya chuma lazima viondolewe, la sivyo karatasi nyeupe itatoka na madoa.

Jiji halikufanya hivyo kwa sababu ya kiu peke yake. Mfumo wa kumwaga majitaka baharini ulikuwa unakaribia kuelemewa, na kuupanua kungekuwa na gharama kubwa. Badala yake, kampuni binafsi ilipewa mkataba wa miaka 20, ikatafuta yenyewe fedha za ujenzi. Mondi ikapata maji kwa bei iliyokaribia nusu ya ile ya maji ya bomba. Hapo ndipo penye siri ya biashara hii: kiwanda kilibadili bomba kwa sababu kilipata nafuu, si kwa sababu kilihubiriwa.

Mkulima anaweza kuuliza kwa nini maji hayo hayakupelekwa shambani. Jibu liko kwenye hesabu. Kiwanda kiko karibu na mtambo, kinahitaji maji kila siku ya mwaka na kina uwezo wa kulipa. Shamba mara nyingi liko mbali na huhitaji maji zaidi wakati wa kiangazi, hivyo gharama za mabomba na pampu zingepandisha bei. Mkulima hunufaika kwa njia nyingine: kila lita ambayo kiwanda hakichukui kwenye bomba ni lita ambayo jiji halina haja ya kuivuta mtoni.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana Dar es Salaam mwaka 2022. Kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, mgao wa maji ulitangazwa mwezi Oktoba, na lawama zikaelekezwa pia kwa wakulima waliovuta maji ya mto huo kwa umwagiliaji. Mji ukipata kiu, pampu ya mkulima huwa miongoni mwa za kwanza kunyooshewa kidole.

Pamoja na hayo, mpango wa Durban ulikuwa na udhaifu wake. Ulitegemea wateja wachache. Mwaka 2022 SAPREF ilisimamisha uzalishaji, na mtambo wenye mnunuzi mmoja au wawili hutikiswa na uamuzi wa namna hiyo. Aprili ya mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliharibu miundombinu ya majitaka ya jiji, na baadhi ya fukwe zikafungwa. Aidha, kiwanda kimoja kikimwaga kemikali kali kwenye mfereji, bakteria hufa na kazi yote huharibika.

Kwa mji unaotaka kufuata njia hiyo, maswali ni ya kawaida ya biashara. Wanunuzi wako umbali gani kutoka kwenye mtambo? Mkataba unasema nini mmoja wao akifunga? Nani anapima kinachomwagwa mferejini? La muhimu zaidi, maji ya bomba yanauzwa viwandani kwa bei gani? Yakiwa rahisi mno, hakuna mwenye kiwanda atakayenunua yaliyorejelezwa. Wakulima na wafanyabiashara wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bei za maji, bei ya viwandani nayo wanapaswa kuiulizia.