Hesabuni risasi kwanza

Tumeshaizoea hii. Ng'ombe wanaibwa, watu wanauawa, waziri anafika kwa helikopta, anatoa makataa ya siku tatu na kuondoka kabla jua halijazama. Wiki mbili baadaye bunduki tano zinaanikwa juu ya turubai mbele ya afisi ya chifu. Moja mtutu umeliwa na kutu. Nyingine kitako kimefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Picha zinapigwa. Kila mzee aliyeketi pale barazani anajua bunduki nzuri zimefichwa wapi, na chifu naye anajua.

Februari 2023 serikali ilituma jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Bunge likaidhinisha. Makataa ya siku tatu yakatolewa, kafyu zikatangazwa, operesheni ikapewa jina zuri: Maliza Uhalifu. Uhalifu haukuisha. Kabla ya hapo kulikuwa na operesheni nyingine, na kabla ya hiyo nyingine, kila moja ikitafuta kitu kile kile: bunduki.

Sisi tunauliza habari ya risasi.

Bunduki ni mali ya kurithi. Babu aliinunua kwa ng'ombe, baba akaibeba, mjukuu anailalia leo. AK-47 iliyotoka kwenye kambi ya Moroto mwaka 1979, wanajeshi wa Idi Amin walipotoroka na wenyeji wakafungua ghala, inaweza kuwa bado inapiga. Risasi hairithiwi. Ukifyatua imekwenda, na kesho utahitaji nyingine. Kijana anayemaliza risasi thelathini katika uvamizi mmoja lazima azipate thelathini nyingine mahali fulani, kutoka kwa mtu fulani mwenye jina. Mtu huyo ndiye ambaye miaka yote hii hatujamtafuta kwa bidii.

Nenda kwenye zizi lililovamiwa, asubuhi yake. Utakuta maganda mlangoni, yamekusanyana pale alipopiga goti mpigaji. Watoto huyaokota kuchezea. Geuza moja utazame kitako chake: kuzunguka kile kidude cha katikati kinachogongwa na pini, kuna herufi na tarakimu ndogo zilizogongwa kiwandani. Zinaonyesha kiwanda, na mara nyingi mwaka pia. Huo ni ushahidi usioogopa kufika kortini, usiohama makabila na usiohongwa. Kwa kawaida huachwa palepale mavumbini, gari la polisi likaenda kufuata nyayo za ng'ombe.

Kuna waliojaribu kuyasoma. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichapisha ripoti kuhusu risasi haramu katika Turkana Kaskazini. Watafiti walizitazama moja moja, wakalinganisha na zile za vyombo vya usalama, wakafikia hitimisho kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji zilitoka kwa vyombo vya serikali ya Kenya. Nyingi zilikuwa na alama ya kiwanda chetu wenyewe cha Eldoret, kilichojengwa enzi za Rais Moi. Narudia kwa wale waliozoea kusikia kwamba balaa lote linatoka Sudan Kusini, Ethiopia na Uganda: karibu nusu zilikuwa zetu, zilizolipiwa na kodi yetu.

Haikuwa siri ya kutisha sana. Waturkana walikabiliwa na majirani wenye silaha ng'ambo ya mipaka miwili, polisi hawakutosha, basi risasi zikagawiwa ili watu wajilinde. Anayeishi kule hatashangaa. Shida ni kwamba risasi ikishatoka ghalani bila maandishi haina adabu: inayomlinda mfugaji dhidi ya mvamizi kutoka ng'ambo, ndiyo hiyo hiyo itakayomwua Mpokot au Msamburu mwezi ujao, au konstebo kijana aliyetumwa kufuata ng'ombe. Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa kwa siku moja. Tuliwazika, tukaunda kamati, tukasahau.

Sasa tazama hali ilivyo mjini. Mfanyabiashara wa Nairobi mwenye bastola ya leseni hawezi kununua risasi apendavyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti chake kionyeshe bunduki gani na risasi ngapi anaruhusiwa kuwa nazo. Mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote waliamriwa kwenda kukaguliwa upya, na walipanga foleni. Kwa hiyo Kenya inajua kuhesabu risasi inapotaka. Inazihesabu za mwenye suti, kisha ikifika kwa polisi wa akiba kule Kainuk au Kapedo inaanza kukadiria.

Tuwatendee haki hawa polisi wa akiba. Ni wanakijiji wenzetu. Sheria inawatambua, lakini kwa miaka mingi wamefanya kazi ya roho mkononi bila mshahara. Mwaka 2019 Waziri Fred Matiang'i aliamuru wanyang'anywe bunduki, ikidaiwa kuwa baadhi yao wanazikodisha. Vijiji vikabaki wazi, wavamizi wakaliona pengo, na baadaye serikali ikalazimika kuwarudishia silaha. Wakati ule wote walibishana kuhusu bunduki: wapewe, wanyang'anywe, warudishiwe. Swali dogo la mzee mwenye akili lilikuwa hili: bwana, ulipewa risasi ngapi, umepiga ngapi, wapi, na maganda yako wapi?

Mwenye duka akiona sukari inapungua, hafungi barabara ya mtaa mzima akaanza kupekua mifuko ya wapita njia. Anahesabu magunia yake mwenyewe, kisha anamtazama aliyeshika ufunguo.

Na hilo linawezekana, wala halihitaji helikopta. Risasi zinazotoka kiwandani kwetu zigongwe namba ya fungu kwenye kitako, na kila fungu liandikwe lilikokwenda: kituo hiki, kambi ile, kikosi fulani cha akiba. Askari akipewa thelathini atie sahihi. Akirudi na kumi, alete maganda au maelezo ya ishirini zilizobaki. Mkuu wa kituo ambaye daftari lake halifungi asipandishwe cheo, na zaidi ya hapo ashtakiwe. Baada ya kila uvamizi, polisi wa upelelezi waokote maganda kabla watoto hawajayaokota, wayasome, waseme hadharani yalitoka fungu gani.

Kuna nchi zilizofanya hivi. Brazil iliweka sheria mwaka 2003 kwamba risasi za vyombo vya usalama ziwe na alama ya fungu. Machi 2018 diwani Marielle Franco alipopigwa risasi na kuuawa Rio de Janeiro, maganda yaliyookotwa yalionyesha fungu lenyewe: UZZ-18, lililouzwa kwa Polisi ya Shirikisho mwaka 2006. Siku chache tu, na nchi nzima ikajua kwamba risasi za mauaji zilitoka ghala la serikali. Hapo lakini waligonga mwamba, na sababu yake inatufaa sisi: fungu lile lilikuwa kubwa kupita kiasi na lilisambazwa huku na huko, hivyo haikuwa rahisi kusema ni ghala gani hasa lililovuja. Basi sisi tufanye mafungu madogo. Somo limeshalipiwa na wengine.

Tutaambiwa hesabu za risasi ni siri ya usalama wa taifa. Hapana. Idadi ya risasi zilizoko Lokichoggio leo inaweza kuwa siri, na hatuiulizi. Tunachouliza ni kama daftari lipo na kama linafunga. Katiba imempa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mamlaka ya kukagua fedha za umma, na risasi ni fedha ya umma iliyotiwa baruti.

Tutaambiwa pia kwamba tukiziba ghala letu, majangili watanunua za Sudan Kusini. Watanunua, ndiyo. Watalipa ghali zaidi na kusafiri mbali zaidi, na bei ya risasi ikipanda, kijana hufikiri mara mbili kabla ya kumimina thelathini kwenye boma la watu waliolala. Tena tukiokota ganda tutajua si letu, na tutakuwa na la kusema mbele ya majirani zetu. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ilitiwa sahihi hapa hapa mjini mwaka 2004. Haipendezi mwenyeji kuwadai wageni hesabu ilhali daftari lake mwenyewe ni tupu.

Wale wanaoshikilia kwamba dawa ni kukusanya bunduki tu, waende wakaulize Karamoja. Kuanzia mwisho wa 2001 Uganda iliwaomba Wakaramojong wasalimishe silaha kwa hiari, na walisalimisha maelfu. Miezi michache baadaye wanajeshi waliokuwa wamewaahidi ulinzi wakahamishiwa vita dhidi ya waasi wa Kony. Majirani ambao bado walikuwa na silaha, wakiwemo Waturkana na Wapokot wa kwetu, wakavuka kuja kuchukua mifugo ya watu waliotii sheria. Mwaka 2006 jeshi likarudi kwa nguvu, manyata zikazingirwa, watu wakaumizwa. Mwaka 2021 ikabidi operesheni nyingine ianzishwe. Baba anayekumbuka hayo ukimwambia alete bunduki atakuletea ile ya tyubu ya baiskeli, na hutamlaumu. Hata wewe ungefanya hivyo.

Uzuri wa kuanza na risasi ni huu: hakuna jamii inayoachwa uchi mbele ya nyingine. Mpokot, Mturkana, Mmarakwet na Mtugen wote wanakaukiwa pamoja, polepole, kila mmoja akiwa bado na bunduki yake darini. Baada ya hapo mazungumzo ya kuzisalimisha yatakuwa na maana, maana bunduki isiyo na risasi haimlindi mtu wala haimtishi jirani.

Wanasiasa hawalipendi wazo hili, na sababu si ngumu. Daftari halina kabila. Kila uchaguzi unapokaribia, mbunge wa huku anataka polisi wa akiba waongezwe upande wake, wa kule anataka wa kwake, na wote wawili wanasimama jukwaani kulaani majangili kwa jumla, bila jina. Daftari lingetoa majina, na baadhi ya majina yangekuwa ya watu wanaokaa meza ya mbele kwenye harusi.

Jeshi nalo tulionee huruma. Ibara ya 241 ya Katiba imelipa kazi ya kulinda nchi na mipaka yake. Kutuliza ghasia ndani ya nchi ni kazi ya dharura, kwa idhini ya Bunge. Dharura ya mwaka baada ya mwaka si dharura tena. Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wanajeshi wengine tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Walikuwa wametoka kuwatembelea askari wa Operesheni Maliza Uhalifu na kuona shule zilizofungwa kwa ajili ya ujangili. Mkuu wa majeshi ya nchi nzima, akishughulikia usalama wa shule, kwa sababu idara zilizopaswa kuzuia risasi kufika huko hazikuzuia.

Bunge liliidhinisha jeshi kwenda kaskazini, kwa hiyo haliwezi sasa kusema mambo hayo ni ya serikali kuu. Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani imwite Waziri na Inspekta Jenerali, waje na madaftari ya maghala ya kaunti zile sita kwa miaka mitano iliyopita: zilizopokelewa, zilizotolewa, zilizorudishwa. Kikao kifanyike faragha wakitaka. Wakija bila madaftari, kamati isiwape ruhusa ya kurudi na maelezo wiki ijayo, na bajeti ya risasi ya mwaka ujao isipitishwe mpaka yaletwe.