Fundi, usinionyeshe kwanza

Nani alibuni mashine ya kukuna nazi? Simaanishi mbuzi ile ya kukalia, ambayo bibi zetu wameitumia tangu enzi na enzi. Naongelea ile ya mota, yenye kichwa cha chuma chenye meno, ambayo ukifika sokoni unamkabidhi kijana nazi yako na baada ya muda mfupi unarudishiwa mfuko umejaa. Nimewauliza wenye mashine hizo watatu, kuanzia hapa Kipawa hadi Buguruni. Wa kwanza alisema ni Mchina. Wa pili alisema yeye aliikuta. Wa tatu alinicheka, akaniuliza kama nimekuja kukuna nazi au kuhoji watu, maana foleni ipo.

Swali lina sababu yake. Siku hizi nasoma sana habari za hataza zilizotolewa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa vitu vya kawaida kabisa. Hataza, kwa asiyelifahamu neno, ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na kwa miaka kadhaa mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Hebu tazama chumba chochote hapa mtaani. Wembe mwembamba unaochomolewa na kubadilishwa: King Gillette, Marekani, Novemba 1904. Zipu ya suruali: Gideon Sundback, Msweden aliyehamia Marekani, 1917. Sidiria: Mary Phelps Jacob alipata hataza yake Novemba 1914, kisha akaiuza kwa kampuni moja ya nguo za ndani kwa dola 1,500. Na waipa ya daladala? Hiyo ni ya mama mmoja wa Alabama, Mary Anderson, aliyepanda tramu New York wakati wa baridi akamwona dereva anahangaika na kioo kilichojaa theluji. Hataza akapewa Novemba 1903. Alipoipeleka kwa kampuni moja ya Kanada mwaka 1905 akajibiwa kwamba haina thamani ya kibiashara. Muda wa hataza ulikwisha mwaka 1920, magari yakaanza kujaa barabarani, na yeye hakupata hata senti. Kwa hiyo jamani, wanaodhani karatasi hii ni sawa na kushinda bahati nasibu wapunguze kidogo.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani. Kahawa ya wakati ule ilimuudhi kwa machicha yake. Akachukua chombo cha shaba, akakitoboa matundu kwa msumari, akaweka ndani karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mtoto wake wa shule, akamimina kahawa juu. Ikatoka safi. Juni 1908 ofisi ya hataza ya Berlin ikaisajili. Desemba mwaka huo huo akafungua kampuni kwa mtaji wa pfennig 73, ambazo hazikufika hata Mark moja. Kampuni hiyo ipo mpaka leo, na bado ni ya familia.

Rudi kidogo hapo kwenye msumari. Chombo kilichotobolewa kwa msumari! Hiyo ni kazi ambayo ungeikuta leo asubuhi kwa mafundi wa makopo popote Dar es Salaam. Ndiyo tunavyotengeneza vibatari, vichujio na majiko. Hakuwa mhandisi, hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho kilichowakosa mafundi wetu ni dirisha la ofisi linalokubali vitu vidogo. Wajerumani tangu mwaka 1891 walikuwa na sheria ya hataza ndogo, kwa ajili ya ubunifu ambao haushangazi dunia lakini ni mpya na unafaa. Mama Bentz alipita kwenye dirisha hilo, wala hakuhitaji kumshawishi mtu kwamba amefanya muujiza wa sayansi.

Mwaka huo wa 1908 bendera ya Berlin hiyo hiyo ilikuwa inapepea Dar es Salaam. Reli kutoka hapa ilikuwa imefika Morogoro mwaka mmoja tu nyuma, na kahawa ya Usambara ilikuwa inapakiwa kwenda Ulaya. Kahawa iliondoka, lakini dirisha la hataza halikuja kwa mafundi wa huku.

Walipokuja Waingereza mambo yakapangwa kwa namna ambayo hata leo inanishangaza. Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, haikumruhusu mtu kuomba hataza hapa nchini. Ilimruhusu mwenye hataza ya Uingereza, ndani ya miaka mitatu tangu apewe, kuja kuisajili hapa ili iwe na nguvu. Maana yake fundi wa Tanganyika aliyebuni kitu alitakiwa aanzie London, apewe hataza huko, halafu arudi kuisajili nyumbani kwake. Kenya na Uganda nao walikuwa na utaratibu wa aina hiyo. Na usifikiri ulikufa na Uhuru mwaka 1961. Bunge lilipitisha sheria yetu wenyewe mwaka 1987, ikaanza kutumika mwaka 1994. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Tumekuwa na SIDO tangu 1973, Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu 1986, tunahimizwa kila siku tubuni, tubuni, na kumbe kwa muda mrefu wa safari hiyo mlango wa kuandikisha ulichobuni ulikuwa ng'ambo.

Watu wanaposema Mwafrika hana ugunduzi kwa sababu hataza zake ni chache, huwa natamani niwape hiyo Sura ya 217 waisome kwanza.

Sasa twende kwa fundi wangu. Ni jirani, anachomelea vyuma, na mwaka jana alitengeneza kifaa cha jikoni. Mke wake anauza chipsi, na kifaa kinahusiana na chipsi. Zaidi ya hapo sitakuambia kitu! Sikwambii kina umbo gani, kinatumia nini wala kinafanyaje kazi. Na yeye aliponiita kwa furaha, "mdogo wangu, njoo na kamera yako uone mambo," nilimjibu: fundi, usinionyeshe kwanza.

Sababu ni moja. Msingi wa hataza duniani kote ni upya. Kitu lazima kiwe hakijawahi kuwekwa hadharani, na hadharani ni pamoja na gazetini, kwenye maonyesho, au pembeni ya barabara ambako kila mpita njia anakiona. Ukishakianika kabla ya kupeleka maombi, mikono yako mwenyewe imekifanya kuwa cha wote. Sheria zina misamaha ya muda mfupi kwa baadhi ya hali, lakini sijakutana na wakili anayemshauri mteja wake aitegemee.

Sasa fikiria zile habari za "kijana wa darasa la saba abuni mashine". Kila gazeti la Bongo huzipenda. Kuna picha ya mbele, picha ya nyuma, kijana ameshika waya anaeleza hatua kwa hatua, mwishoni anaiomba serikali imsaidie. Wasomaji wanapiga makofi. Hakuna anayemuuliza kama ameshapeleka maombi BRELA. Gazeti lenye tarehe ya siku hiyo linakuwa ushahidi mzuri kabisa, ila ni ushahidi dhidi yake. Mhariri mmoja niliyemweleza hoja hii aliniambia kazi yetu ni habari, siyo uwakili. Sawa, ila daktari anayeandika habari za wagonjwa anaficha majina na wala haachi kuwa daktari. Swali moja tu kabla ya kupiga picha lingetosha: umeshaandikisha? Kama bado, piga picha ya kijana, acha ya ndani ya mashine.

Jirani yangu naye hakukaa bure. Alichora kifaa chake kwenye daftari, akaenda serikali ya mtaa, akagongewa muhuri. Akaona amemaliza. Ilinibidi nimweleze taratibu kwamba hataza hapewi aliyewahi kuwaza, hupewa aliyewahi kupeleka maombi, na muhuri wa mtaa hauhesabiki kama maombi. Alikaa kimya muda mrefu. Lakini namwelewa. Hapa Kipawa watu wanaijua thamani ya karatasi yenye tarehe kuliko wanasheria wengi. Waliotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege walifanyiwa tathmini mwaka 1997, wakasubiri zaidi ya miaka kumi, na kwenye mvutano wote ule silaha ya mwananchi ilikuwa makaratasi aliyoyahifadhi chini ya godoro. Mtu aliyelelewa na historia hiyo akipata wazo, kitu cha kwanza anachokimbilia ni muhuri.

Habari njema ni kwamba lile dirisha la Mama Bentz sasa tunalo. Sheria yetu ya 1987 inatambua hataza ndogo kando ya hataza kubwa. Kwa hiyo ndogo, kifaa kinatakiwa kiwe kipya na kiweze kutengenezwa na kutumika, basi. Hukidai kile kipimo kigumu cha kwamba hata mtaalamu wa fani hiyo asingekifikiria. Inalinda kwa muda mfupi kuliko hataza kubwa, ambayo yaweza kufika miaka 20, lakini kifaa cha chipsi kinataka miaka 20 ya nini? Mafundi wangapi wa Vingunguti, pale karibu kabisa na majengo ya SIDO, wamewahi kuisikia? Niliowauliza hawakuisikia hata mmoja. Kila mmoja alijua habari za alama ya biashara, maana wameona nembo kwenye unga.

Tena hapo ndipo tunapochanganya mambo. Kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili jina la kikoi kama alama yake ya biashara mwaka 2006, pwani yote ilichachamaa, Wakenya wakapambana na ombi likaachwa mwaka 2008. Disney walisajili Hakuna Matata Marekani kwa ajili ya nguo mwaka 2003, na kelele zikafika mbinguni mwaka 2018. Vizuri, tupige kelele. Ila hayo ni majina, siyo vifaa, na sijaona nusu ya hasira hiyo fundi wa Kiwalani anapomuibia ubunifu fundi wa Kipawa. Huyo wa jirani tunamwita mjanja.

Nikiri hapa kwamba upande wa pili una nguvu. Jiko la mkaa lenye udongo ndani, ambalo sisi tunaliita jiko bora, liliundwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wazo lililotoka Thailand. Mafundi wa Nairobi walifundishwa, wakaiga, wakaigana tena, bei ikashuka, likavuka mipaka mpaka kwetu na Uganda. Laiti lingefungiwa na mtu mmoja, mama zetu wangelipata kwa bei gani? Kuiga kumewalisha wengi. Hata mashine ya kukuna nazi imefika kila soko kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia mwenzake. Ninachouliza ni kwa nini wakati wote wa kwanza kubuni ndiye anayetoka mikono mitupu. Jiko bora lilikuwa na wafadhili waliolipia majaribio. Jirani yangu majaribio yake kayalipia kwa vyuma alivyonunua kwa mkopo wa kikoba cha mkewe.

Na mkewe ndiye anayenipa shida zaidi. Kwa mujibu wangu mimi msomi, kifaa kikae nyuma ya pazia mpaka maombi yapokelewe. Kwa mujibu wake yeye, kila jioni kinapokaa nyuma ya pazia ni jioni ya foleni ndefu na wateja wanaohamia kwa jirani. Alinitazama akaniuliza, "Shemeji, hiyo karatasi yako itanunua viazi?" Nilimweleza habari za Dresden na pfennig 73. Akasikiliza vizuri tu, kisha akauliza huyo mama kodi ya nyumba alikuwa analipiwa na nani.

Tulichokubaliana ni wiki sita. Rafiki yangu wa chuo aliyesoma sheria amekubali kuandika maelezo na madai bila malipo, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko ada: kuelezea kipande cha chuma kwa maneno yatakayomzuia mwigaji asiponyokee pembeni. Kuna na utafutaji wa kuhakikisha hakuna mtu wa Brazil au India aliyekitangulia, maana yawezekana kabisa yupo. Zanzibar nao wana sheria yao ya mwaka 2008 na msajili wao, kwa hiyo karatasi ya huku haivuki maji, na fundi ana kaka anayeuza chipsi Darajani.

Wiki sita, amesema shemeji, siyo saba. Ya nne inaanza kesho.