Chombo Kilichostaafu kwa Heshima

Tarehe 9 Machi 2011, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Discovery kilitua Florida kwa mara ya mwisho, kikahitimisha utumishi wa zaidi ya miaka 26. Tangu kiliporuka mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 1984, kilikwisha fanya safari 39, kukaa angani jumla ya siku 365, na kwenda zaidi ya kilomita milioni 238. Hapana chombo cha aina yake kilichofikia idadi hiyo ya safari.

Historia hiyo si ngeni kabisa kwetu. Mwaka 1985 Discovery ilimchukua Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, Mwislamu wa kwanza kufika anga za juu. Mwaka 1998 ilimpandisha mzee John Glenn, aliyekuwa na umri wa miaka 77. Wazee wetu watakumbuka kwamba Glenn huyo huyo, alipoizunguka dunia mwaka 1962, alifuatiliwa pia na kituo cha Wamarekani kilichokuwa hapa Unguja, ambacho kiliondolewa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hata hivyo, sifa kubwa ya Discovery si wingi wa safari zake. Ni kwamba kila safari ilirudi salama. Ndugu zake wawili hawakujaaliwa hivyo. Mwaka 1986 Challenger iliangamia na watu saba, baada ya wahandisi kuonya usiku uliotangulia kwamba baridi ingedhuru mipira ya kuzibia viungo vya roketi, na wakubwa wakaamua safari iendelee. Mwaka 2003 Columbia ikaangamia na wengine saba, kwa kipande cha povu kilichobanduka na kulitoboa bawa. Mabanduko kama hayo yalikwisha onekana kabla, yakazoeleka. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Baada ya kila msiba, safari zilisimamishwa kwa zaidi ya miaka miwili, na Discovery ndiyo iliyotangulia kurudi angani, mwaka 1988 na tena mwaka 2005. Katika safari hiyo ya pili povu lilibanduka tena. Chombo kilirudi salama, lakini safari zilisimamishwa tena hadi Julai 2006. Huko ndiko kujifunza.

Sisi watu wa visiwa, ambao maisha yetu yamo vyomboni, tuna haki ya kuyatafakari hayo. Miezi sita tu baada ya Discovery kupumzishwa, mnamo Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Majonzi yake hayajatutoka.

Kwa hiyo tunawakumbusha wenye dhamana: fundi anayesema chombo hakifai asionekane mkorofi, wala mkaguzi anayezuia safari asipigiwe simu ya kumlegeza. Nasi wananchi, tunapoambiwa chombo kimejaa, tushuke bila ya manung'uniko, hata ikiwa ni mkesha wa Sikukuu.

Discovery ilikabidhiwa jumba la makumbusho mwaka 2012, ikiwa nzima. Chombo kupumzishwa kabla hakijazama si hasara. Ni heshima ya chombo, na ni amana iliyotimizwa kwa waliokipanda.