Fundi anayejisahihishia mtihani

Hivi Wabongo tukoje? Gari la mtumba tunamwita makanika alikague. Nyumba ya maisha tunamwachia fundi mmoja achore, anunue nondo, ajenge, kisha ajikague mwenyewe! Eti tunabana matumizi. Zege likishamwagwa, nondo iliyopunguzwa utaiona wapi?

Machi 29, 2013 ghorofa liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo. Kama ya katikati ya jiji yanaanguka, yako inayolindwa na neno la fundi itaponea wapi?

Mchoraji na mjenzi awe mmoja, sina ugomvi. Ila mlipe mhandisi mwingine aliyesajiliwa, asiyekula naye, azikague nondo kabla ya zege. Hela hiyo itangulie ya vigae.